Wasipigwe fagio wote: majibu ya barua zenu kuhusu usajili wa Simba

Tangu Yanga waifunge Simba 2-0 Juni 25, 2025 na kubeba ubingwa wa nne mfululizo, barua za safu hii zimekuwa za kitu kimoja tu: nani aachwe Msimbazi, yaani Simba, nani aletwe. Wengi wenu mna hasira, na wachache wa Jangwani, watani wetu wa Yanga, wameandika ili wacheke. Nimechagua sita. Nawajibu kama shabiki wa Simba tangu utotoni Tanga, aliyewahi kucheza beki ya kushoto madaraja ya chini mpaka goti likakataa. Anayetaka maoni ya mtu asiye na timu, hapa amepotea njia.

SWALI: Shikamoo mzee. Miaka minne bila ubingwa. Yanga wametufunga mara tano mfululizo, tangu zile tano-moja za Novemba 2023. Mimi nasema lipite fagio la chuma kuanzia golikipa hadi mshambuliaji, tuanze upya. Kwa nini nyie waandishi mnawabembeleza hawa wachezaji?
*Kijana wa Mbagala*

JIBU: Marahaba mwanangu. Fagio unaloliomba lilishapita mwaka 2024, umesahau? Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa tatu, pointi 69 sawa na Azam, wao wakatupita kwa tofauti ya mabao na kwenda Ligi ya Mabingwa, sisi tukaangukia Kombe la Shirikisho la Afrika, la ngazi ya pili. Kiangazi kile wakaondoka Chama, Inonga, Saido, Luis, Bocco na wengine ambao hata kuwazoea hatukuwahi. Wakaja Camara, Ahoua, Mukwala, Mutale, Debora, Okejepha, Nouma, Karaboue, Hamza, Kagoma, Awesu, baadaye Ateba. Hiyo ni zaidi ya timu nzima katika dirisha moja la usajili, chini ya kocha mgeni, Fadlu Davids.

Sasa tazama kile kikosi kipya kilifanya nini. Msimu wa 2024/25 kilicheza mechi 30 za ligi, kikashinda 25, sare tatu, kikapoteza mbili. Mbili tu, na zote kwa Yanga. Kikafika fainali ya Shirikisho. Timu mbovu haimalizi na pointi 78. Yanga walimaliza na 82, na wao pia walipoteza mbili, kwa Azam na Tabora United.

Nenda kwenye zile sare tatu, ndiko ugonjwa uliko. Coastal Union tuliwaongoza mabao mawili, ikaisha 2-2. Fountain Gate kule Babati tulitangulia, Chasambi akarudisha mpira kwa kipa wake ukaingia wavuni, 1-1. Azam tuliwaongoza 2-1 mpaka dakika za lala salama, Zidane Sereri akasawazisha. Mechi tatu tulizokuwa mbele, pointi sita zimemwagika. Zijumlishe na 78 unapata 84, na hapo hata kile kipigo cha Juni 25 kisingetuvua ubingwa.

Kulinda uongozi dakika ya 85 kunahitaji watu wanaojuana kwa macho: beki anayejua kiungo wake atasimama wapi bila kupigiwa kelele. Hilo halinunuliwi dirishani, linakuja kwa watu kucheza pamoja msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Waangalie wenzetu, ingawa kinywa kinaniuma kusema. Katika makombe yote manne ya Yanga walikuwemo Diarra, Job, Bacca, Mwamnyeto na Aucho. Makocha walipita kama abiria wa daladala: Nabi akaondoka 2023, Gamondi akatimuliwa Novemba 2024, Ramovic akakaa mpaka Februari akaenda zake Algeria, Hamdi akamalizia. Uti wa mgongo haukuguswa, kwa hiyo kila kocha alikuta timu imekwisha kujengwa.

Kwa hiyo mimi nikisikia usajili, swali langu la kwanza ni nani anabaki. Camara abaki, alimaliza ligi akiwa kinara wa mechi bila kuruhusu bao. Hamza abaki. Kagoma abaki, ile kadi nyekundu ya Zanzibar kwenye fainali dhidi ya Berkane ya Morocco asamehewe. Mpanzu, Ahoua na Kibu wabaki. Watu watatu au wanne wapya wenye uzoefu wa mechi kubwa wanatosha. Ukileta kumi na wawili, mwakani utaniandikia barua hii hii.

SWALI: Kaka, huku Mombasa Simba ina watu wengi kuliko mnavyodhani, na kila mechi tunaitazama. Shida yetu ni moja: hatuna namba tisa, mshambuliaji wa kati. Ateba na Mukwala wote waende, Sowah apewe timu.
*Mnyama wa Likoni*

JIBU: Kaka yangu wa Likoni, takwimu zinakukatalia nusu na kukukubalia nusu. Ateba alifunga 13 kwenye ligi. Mukwala 13. Ahoua kutoka kiungo akawa mfungaji bora kwa 16, japo mengi yalikuwa penalti. Watu watatu, mabao 42. Wangapi barani wanaolia hawana mshambuliaji huku wakiwa na hesabu hiyo?

Ninapokukubalia ni hapa: msimu wa 2024/25 tulikutana na Yanga mara tatu, Ngao ya Jamii na ligi mzunguko wa kwanza na wa pili, na hatukupata bao hata moja. Moja-sifuri, moja-sifuri, mbili-sifuri. Mabao yetu yanapatikana mechi ambazo mpinzani anajaza basi langoni na mwishowe anachoka. Anapokuja beki mwenye mwili na akili kama Bacca, washambuliaji wetu wanageuka watazamaji.

Sowah naye ni habari nyingine. Alifika Singida Black Stars dirisha dogo la Januari na akafunga 13 kwa nusu msimu. Huyo anabeba mabeki mgongoni, anapenda ugomvi wa ndani ya boksi. Nafurahi kwamba amekuja. Lakini kuwafukuza wote wawili ili ubaki na mmoja ni kamari, maana tuna ligi, kombe la TFF, shirikisho la soka nchini, na mechi za Afrika. Mmoja aondoke. Mimi ningebaki na Mukwala, kwa sababu ya mbio zake za kukimbilia nyuma ya mabeki; ile hat-trick aliyowapiga Coastal pale Arusha mwezi Machi hatujaisahau. Sowah hachezi hivyo, kwa hiyo wanatofautiana na kocha anakuwa na njia mbili.

SWALI: Naomba unijibu kama mzazi. Mwanangu ana jezi namba 15 ya Tshabalala, amelala nayo tangu darasa la pili. Aliposikia nahodha amehamia Yanga alilia mpaka nikamnyima simu asiendelee kutazama picha. Nimwambie nini? Na viongozi waliwezaje kumwachia?
*Mama wa watoto wawili, Mwanza*

JIBU: Dada yangu, hii barua nimeisoma nikaiweka chini, nikaichukua tena. Mimi nilicheza namba tatu, beki ya kushoto kama yeye. Naijua kazi ile: unapanda, unarudi, unapanda, na anayesifiwa ni winga. Mohamed Hussein ‘Tshabalala’ alikuja kutoka Kagera Sugar mwaka 2014, akaifanya kazi hiyo kwa miaka 11, akachukua mataji manne ya ligi, akavaa kitambaa. Mwambie mwanao jezi aendelee kuivaa. Kila alichokifanya akiwa na namba ile alikifanya akiwa Simba.

Ama viongozi, sitawatetea. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuzungumza na klabu nyingine mkataba unapobakiza miezi sita. Maana yake, kuanzia Januari mchezaji ambaye mkataba unaisha Juni ni mali ya nusu soko. Ukimsubiri nahodha wako afike hapo, ujue unakwenda kushindana naye kwa bei, na jirani yako anajua hivyo. Wala hajaondoka kwa kuuzwa, kwamba tungepata chochote. Mkataba umeisha, amekwenda bure. Chama naye mwaka 2024 aliondoka kwa mlango huo huo, kwenda nyumba ile ile.

Kuna wanaosema umri umekwenda na beki wa kushoto mpya, kijana Mligo kutoka Namungo, ana miguu. Sawa, ana miguu. Kijana wa namna hiyo alitakiwa akae msimu mzima nyuma ya Tshabalala akijifunza lini apande na lini asimame. Sasa atajifunza mbele ya watu elfu sitini.

SWALI: Nyie makolo wa Simba, acheni kusumbuka. Njooni Jangwani tuwape semina ya usajili, bure kabisa.
*Mwananchi wa Temeke*

JIBU: Kaka, kuanzia 2018 hadi 2021 Simba tulibeba manne mfululizo na nyie mlikuwa mnatembeza bakuli kwa mashabiki ili wachezaji walipwe. Hatukuwaletea semina. Mwaka 2021 mkajipanga, mkawaleta Diarra, Aucho, Bangala, Djuma na Mayele kwa mpigo, mkapatia. Hongera. Ila mwaka huo huo sisi tuliwauza Luis kwa Al Ahly na Chama kwa Berkane katika kiangazi kimoja, na hapo ndipo mlango ulipofunguka kwenu. Msijisifu peke yenu, nasi tuliwasaidia.

SWALI: Mzee, Kapombe ana umri gani? Si apumzike tu, wapewe vijana?
*Fundi seremala, Dodoma*

JIBU: Amezaliwa 1992, hesabu mwenyewe. Umeandika barua hii kabla au baada ya Taifa Stars kuifunga Mauritania kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani? Bao lile la pekee, dakika za mwishoni pale kwa Mkapa, alilifunga beki wa kulia uliyemtaka apumzike. Asicheze kila mechi, hapo tuko pamoja. Ila kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kati ya wageni 12 wanaoruhusiwa na kanuni, lazima awepo mtu wa kumwambia kijana wa Ivory Coast kwamba wiki hii ni ya dabi na hapa hakuna kulala. Tshabalala amekwenda, Manula amerudi Azam. Huyu naye tukimwondoa, nani atasema?

SWALI: Mzee wetu, mimi ni mwanachama hai, kadi yangu nailipia. Kila mwaka nasikia kocha anataka huyu, mwekezaji amemleta yule, wakala ameleta mwingine. Hivi Simba nani hasa anayesajili? Na sisi wanachama tunaweza kuuliza nini?
*Mwanachama, Morogoro*

JIBU: Dada, hii ndiyo barua niliyoisubiri, maana wenzako wote wamezungumzia miguu na wewe umezungumzia kichwa.

Kwenye mfumo wa mabadiliko ya umiliki wa klabu, mwekezaji anapewa asilimia 49 na wanachama 51. Juni 2024, baada ya wajumbe kadhaa wa upande wa mwekezaji kujiuzulu, mwekezaji mwenyewe, Mo Dewji, akarudi kuwa mwenyekiti wa bodi hadi 2025. Pesa nyingi ya usajili inatoka upande wake, na mwenye pesa huwa na sauti, hilo halina ubishi. Kocha naye ana orodha yake. Tatizo langu ni kwamba makocha wetu hawakai. Gomes, Pablo, Zoran, Robertinho, Benchikha, katikati Mgunda akiitwa kuzima moto, kisha Fadlu: yote hayo tangu 2021. Kila mmoja alikuja na aina yake ya mchezaji. Robertinho anataka hiki, Benchikha anakuta hakimfai, Fadlu anaanza na ukurasa mweupe. Ndiyo maana Luis tulimuuza 2021, tukamrudisha 2023, tukampa mkono wa kwaheri 2024.

Kinachotakiwa ni mtu wa kudumu, mkurugenzi wa ufundi au mumwite mnavyotaka, ambaye kocha akiondoka yeye anabaki na daftari: Simba inacheza hivi, beki wetu wa kati ni wa aina hii, kiungo mkabaji ni wa aina ile. Kocha achaguliwe kulingana na daftari. Rushine De Reuck kutoka Mamelodi Sundowns ni usajili wa namna ninayoitaka, beki aliyekwisha cheza mechi za Afrika za presha, amekuja kuziba pengo la Che Malone aliyekwenda USM Alger. Lakini nikiulizwa kama amekuja kwa mpango au kwa sababu kocha wa wakati ule, Fadlu, alikuwa Msauzi anayemfahamu, nitakujibu la pili. Fadlu aliondoka mwaka huo huo wa 2025; De Reuck alibaki na nani?

Na usajili ufungwe kimyakimya kabla ya kutambulishana. Mwaka 2024 Lameck Lawi alitangazwa Msimbazi kwa mbwembwe, akaishia kubaki Coastal Union, kesi ikaenda TFF. Mtu mwenye daftari na kalamu hawezi kufanya hivyo.

Unauliza mwanachama aulize nini. Mkutano mkuu ukiitwa, achana na habari ya nani analetwa. Hilo watakujibu kwa picha na muziki. Simama uombe orodha ya wachezaji ambao mikataba yao inaisha Juni 2026, na mbele ya kila jina waandike tarehe waliyokaa naye mezani. Majina yasiyo na tarehe, yasome kwa sauti mbele ya mkutano.