Maswali na Majibu: Mitego ya Mbu

Watafiti wamefunga mtego wa taa chumbani kwangu. Nikiupata wa kwangu, niondoe chandarua? (Mikindani)

Usikiguse. Chambo si taa peke yake, ni wewe. Mbu anafuata pumzi na harufu yako, chandarua kinamzuia, anazungukazunguka. Hapo ndipo taa iliyoning'inizwa upande wa miguu inamvuta na feni inamnyonya. Isitoshe, mtego ule umeundwa kuhesabu mbu, si kukukinga.

Asubuhi wangu ulijaa, wa jirani ulikuwa na mbu wachache. Wangu si bora? (Lindi)

Huenda nyumba yako ndiyo yenye mianya, au choo cha shimo kiko karibu. Wapimaji makini huihamisha mitego: wa kwako leo, kesho mtego huo huo uko kwa jirani, mpaka kila mtego upite kila nyumba. Halafu, waliojaa ni akina nani? Mbu wa choo cha shimo wengi ni kuleksi, ambao huku pwani hueneza matende na mabusha, si malaria. Mtazame jike kwa kioo cha kukuzia: anofelesi, mbu wa malaria, ana vipapasio viwili vinavyolingana kwa urefu na mrija wake wa kunyonyea; vya kuleksi ni vifupi mno. Kama unachotafuta ni malaria, mimi ningechukua anofelesi kumi kuliko kuleksi mfuko mzima.

Na zile taa za bluu zinazolipua wadudu? (Mtwara mjini)

Zinaua nondo na kumbikumbi. Mbu, kidogo sana.

Kwa nini watu wasikae wakawakamata wenyewe? (Masasi)

Wanakaa, tangu zamani: miguu wazi, mrija mdomoni, mbu akitua anavutwa. Mitego mingine hulinganishwa na kipimo hicho, maana kinaonyesha hasa nani anamfuata mtu. Lakini mkamataji anaweza kupewa dawa ya kinga ya malaria. Ya kumkinga na dengi, homa nyingine ya mbu, hakuna. Ndiyo maana watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walibuni mtego wa hema, mtu analala ndani na mbu wananaswa wakimfuata.

Wazee wanasimulia chikungunya ya 1952. Mtego wa taa utatuonya ikirudi? (Newala)

Hapana. Ugonjwa ule ulitambuliwa mara ya kwanza huko huko kwenu, uwanda wa juu wa Makonde, na mbu wake, aedesi, huuma mchana, taa haimshughulishi. Anapenda maji ya mitungi na mapipa, na huko maji huhifadhiwa nyumbani. Tega kopo jeusi lenye maji kidogo, utandaze kitambaa kigumu ndani ya ukingo, kisha utafute mayai meusi juu kidogo ya usawa wa maji. Limwage kabla ya wiki kwisha, usije ukawa unafuga.