Maswali ya Wasomaji: Nchi Iliyoanzisha Vita Huishia Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam nyingi kutoka Temeke. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanabishana kuhusu vita vya Ukraine. Kundi moja linasema kwamba Urusi, kwa jinsi ilivyobomoa mitambo ya umeme ya jirani yake, na kwa jinsi viwanda vyake vya kusafishia mafuta navyo vinavyochomwa sasa, itaanguka kama alivyoanguka Idi Amin baada ya kutuvamia. Kundi la pili linasema kwamba nchi kubwa haianguki. Je, historia inatuambia nini kuhusu hatima ya nchi iliyomchokoza jirani na kuharibu miundombinu yake?

JIBU: Ndugu Mwalimu, wanafunzi wako wameyaunganisha maswali mawili, na ndiyo maana ubishi wao hauishi. Lipo swali la hatima ya mtawala aliyeanzisha vita, na lipo swali la hatima ya nchi yenyewe, yaani watu wake, mipaka yake na madeni yake. Mtawala anaweza kuondoka siku chache baada ya kushindwa na kuiacha nchi na mzigo wa miaka thelathini. Vilevile anaweza kuendelea kukaa ikulu huku nchi ikidhoofika taratibu chini yake.

Tuanze na Amin. Majeshi yake yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakatwaa eneo la kaskazini ya mto Kagera, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,800, na akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Ndege zake zilijaribu kulipiga daraja la Kyaka zikashindwa, ndipo wataalamu wa baruti wakalifunga vilipuzi na kulivunja mapema mwezi wa Novemba. Alidhani kwamba bila daraja lile jeshi letu lingekwama ng'ambo ya kusini, na kwamba muda ungeyageuza mambo yawe ya kawaida. Kiwanda cha sukari kiliporwa, mifugo ikaswagwa kuvuka mpaka, na raia waliuawa. Hata hivyo, kabla mwezi huo haujaisha, wanajeshi wetu walikuwa wamekwisha kuweka daraja la muda na kuvuka. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Waulize wanafunzi wako ni kitu gani hasa kilichomwangusha. Hakuangushwa na ubaya wa kuvunja daraja, kwa kuwa ubaya wa aina hiyo alikuwa ameufanya nchini mwake kwa miaka minane bila kuanguka. Aliangushwa kwa sababu jeshi lake lilikuwa limegawanyika na kuasiana hata kabla ya uvamizi, na kwa sababu alimkuta jirani ambaye, kwa maneno ya Mwalimu Nyerere ambayo kila Mtanzania anayafahamu, alikuwa na nia, sababu na uwezo wa kumpiga. Kushindwa katika uwanja wa vita kulikutana na mpasuko miongoni mwa wenye bunduki. Mambo hayo mawili yanapokutana, mtawala hana pa kushika.

Lakini Uganda yenyewe haikupona siku ile Amin alipokimbia. Yusuf Lule alitawala kwa siku 68 tu, Godfrey Binaisa hakufikisha mwaka, uchaguzi wa Desemba 1980 ukazaa malalamiko, na malalamiko yakazaa vita vya msituni vilivyoendelea hadi Januari 1986. Amin alikuwa uhamishoni, na baadaye alifia Jeddah mwaka 2003. Waganda waliobaki ndio waliolipa. Nasi tulilipa: gharama ya vita vile inakadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500, na wazee wetu hapa Dar es Salaam wanaikumbuka miezi 18 ya kufunga mkanda tuliyoambiwa tuivumilie, ambayo ilirefuka kuliko ilivyotangazwa.

Kuna tukio moja la vita vile ambalo ningependa lifundishwe zaidi. Jeshi la Wananchi lilipoiteka Jinja tarehe 22 Aprili 1979, lilikamata pia bwawa la Owen Falls, lililokuwa likizalisha umeme wa Uganda na kiasi cha umeme uliotumika Kenya. Daraja letu lilikuwa limevunjwa na vijiji vyetu vimechomwa. Hasira ilikuwapo na baruti ilikuwapo. Bwawa lilichukuliwa likiwa zima, na Waganda wakaendelea kulitumia. Mimi nalihesabu tendo hilo kuwa miongoni mwa mambo ya heshima kubwa ambayo jeshi letu limewahi kufanya.

Mfano mwingine tunao kwenye reli yetu wenyewe. Mwezi Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia walivunja madaraja ya mto Chambeshi, upande wa Zambia, na njia ya TAZARA inayotoka hapa Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakatika. Walikusudia kuibana Zambia iitegemee njia ya kusini, inayopita katika ardhi yao, na hivyo iwashinikize wapigania uhuru wa Rhodesia iliokuwa ikiwahifadhi. Kijeshi operesheni ile ilifanikiwa kabisa. Kisiasa, mkataba wa Lancaster House, uliofungua njia ya uhuru wa nchi ile, ulitiwa saini Desemba 1979, na tarehe 18 Aprili 1980 dola iliyotuma makomandoo wale ilikuwa haipo tena. Mahali pake palisimama Zimbabwe.

Baada ya mifano hiyo miwili ni rahisi kuamini kwamba mchokozi huanguka siku zote. Iraq inatukanusha. Saddam Hussein aliivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, akafukuzwa Februari 1991, na majeshi yake yakachoma visima vya mafuta zaidi ya 600 wakati yakirudi nyuma. Nchi yake nayo ilipigwa hadi mitambo ya umeme ikazimika, pampu za maji zikasimama na majitaka yakaingia mitoni. Alishindwa vibaya, na wananchi wa kusini na Wakurdi wa kaskazini waliasi. Lakini vikosi vya kumlinda havikugawanyika, akazima uasi kwa damu, akatawala kwa miaka mingine 12. Argentina mambo yalikwenda kinyume: mtawala wa kijeshi, jenerali Galtieri, alivivamia visiwa vya Falklands vilivyokuwa chini ya Uingereza Aprili 1982, jeshi lake likasalimu amri tarehe 14 Juni, na wenzake wakamwondoa kabla wiki hiyo haijaisha.

Sasa tuje kwa Urusi. Kundi la pili la wanafunzi wako limekosea: nchi kubwa huanguka. Kushindwa na Japani kulizaa mapinduzi ya mwaka 1905, Vita Kuu ya Kwanza ikamwondoa mfalme mwaka 1917, na Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991, miaka miwili na ushei baada ya kuondoka Afghanistan, zikatokea nchi 15. Kundi la kwanza nalo linaharakisha mambo. Mpasuko miongoni mwa wenye silaha ulionekana mara moja kwa wazi, tarehe 23 na 24 Juni 2023, pale Wagner, kikosi cha wapiganaji wa kukodiwa, kilipoushika mji wa Rostov-on-Don kusini mwa Urusi na kuanza safari ya kuelekea Moscow. Kilisimama siku hiyo hiyo. Miezi miwili baadaye kiongozi wake, Yevgeny Prigozhin, alikufa katika ajali ya ndege. Alexei Navalny, mpinzani aliyejulikana zaidi, alifia gerezani Februari 2024. Mwezi uliofuata Vladimir Putin alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 87, na Katiba iliyorekebishwa mwaka 2020 inamruhusu kukaa hadi mwaka 2036.

Kuungua kwa viwanda vya mafuta kunaiumiza Urusi, kiasi kwamba imelazimika kuzuia petroli yake isiuzwe nje ya nchi, lakini foleni ya petroli peke yake haijawahi kumwondoa mtawala ambaye polisi na majenerali bado wanamtii. Maoni yangu ni kwamba badiliko likija litatoka ndani ya duara la watawala wenyewe, na huenda likaja ghafla. Wanaoiombea nchi ile isambaratike vipande vipande ningewasihi wafikiri mara mbili, kwa kuwa ina vichwa vya nyuklia zaidi ya 5,000, na hakuna jirani, wa karibu wala wa mbali, atakayelala usingizi visipojulikana viko mikononi mwa nani.

SWALI: Mimi ni fundi umeme wa Tabata. Tunapata shida ya mgao transfoma moja tu inapoharibika. Je, ni halali katika vita kulenga vituo vya umeme? Na kwa nini Waukraine hawawezi kununua tu transfoma nyingine?

JIBU: Ndugu fundi, transfoma unayoifunga kwenye nguzo hapo Tabata hubebwa na lori moja. Zinazolengwa Ukraine ni zile za vituo vikubwa vya kupozea umeme, ambazo moja inaweza kuzidi tani 200, hutengenezwa kwa kuagizwa, na mara nyingi huchukua zaidi ya mwaka mmoja kabla haijafika. Tena gridi ya Ukraine ilijengwa enzi za Kisovieti kwa kiwango cha kilovolti 750 na 330, wakati nchi nyingi za Ulaya hutumia kilovolti 400 na 220, kwa hiyo hata jirani mwenye nia njema mara nyingi hana ya akiba inayolingana.

Mashambulizi ya mfululizo dhidi ya gridi yalianza tarehe 10 Oktoba 2022, baridi ilipokuwa inakaribia. Katika miji ile nyumba hupashwa joto kwa maji ya moto yanayosukumwa kwenye mabomba kutoka mtambo mmoja hadi mitaa mizima. Umeme ukikatika pampu husimama, maji hupoa ndani ya mabomba, na nje kukiwa na baridi chini ya sifuri maji hayo huganda, hutanuka na kupasua bomba. Umeme unaporudi, jengo halina joto tena hadi mabomba ya ghorofa zote yabadilishwe. Mama mwenye mtoto mchanga ghorofa ya tisa hana lifti, hana maji na hana joto kwa wakati mmoja. Tarehe 11 Aprili 2024 mtambo wa Trypilska, uliokuwa tegemeo la mkoa wa Kyiv, uliteketezwa wote.

Kuhusu uhalali, kituo cha umeme kinaweza kuwa shabaha halali iwapo kinachangia shughuli za kijeshi kwa kweli, lakini madhara kwa raia yasizidi faida ya kijeshi inayotarajiwa. Mabwawa na mitambo ya nyuklia ina ulinzi wa ziada katika Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva. Kwa mashambulizi ya gridi ya kati ya Oktoba 2022 na Machi 2023, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai imetoa hati za kukamatwa kwa maofisa wanne wa Urusi: Sergei Kobylash na Viktor Sokolov mwezi Machi 2024, kisha Sergei Shoigu, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, na jenerali Valery Gerasimov mwezi Juni. Urusi si mwanachama wa mahakama hiyo na haitawakabidhi kwa hiari. Hati hizo, hata hivyo, hazina tarehe ya kuisha, na Slobodan Milošević, aliyekuwa mtawala wa Serbia, alipelekwa The Hague, kwenye mahakama nyingine ya kimataifa, mwaka 2001 na serikali ya nchi yake mwenyewe.

SWALI: Mimi ni mama mwenye duka Kariakoo. Nikisikia mabilioni ya kujenga upya najiuliza: nani atalipa? Aliyeanza vita ana jeshi, nani atamdai?

JIBU: Mama yetu, makadirio yaliyotolewa Februari 2025 na Benki ya Dunia pamoja na washirika wake ni dola bilioni 524 kwa miaka kumi, karibu mara tatu ya uchumi wote wa Ukraine wa mwaka uliotangulia. Fedha za Benki Kuu ya Urusi zilizozuiwa nje ya nchi, nyingi zikiwa Ubelgiji, zinakadiriwa kuwa dola bilioni 300. Hata zikichukuliwa zote hazitoshi, na kuzichukua ni suala ambalo wanasheria wa Ulaya wameligombania kwa miaka.

Kudai mwenye jeshi kunawezekana, ila ni kazi ya kizazi kizima. Umoja wa Mataifa uliunda tume ya fidia mwaka 1991 na kuikata Iraq sehemu ya mapato yake ya mafuta, kwanza hadi asilimia 30, kisha 25, na baada ya Saddam kuondolewa mwaka 2003 asilimia 5. Saddam alinyongwa mwaka 2006, makato yakaendelea. Dola ya mwisho kati ya bilioni 52.4 ililipwa Januari 2022, na vijana wa Baghdad waliozaliwa baada ya visima vya Kuwait kuzimwa walikuwa wamekwisha kuwa wazazi. Je, ni haki? Naona uchungu kwa ajili yao, lakini Mkuwaiti aliyechomewa nyumba naye hakuchagua, na kama deni lingefutwa pamoja na mtawala, kila mtawala angekopa kwa damu ya jirani akijua kwamba kaburi litamfutia.

Kwa Urusi hakuna njia ya Baraza la Usalama, kwa kuwa yenyewe ina kura ya turufu. Ndiyo maana Baraza la Ulaya lilianzisha mwaka 2023 daftari la madai, lenye ofisi The Hague, ambamo raia wa Ukraine anaandikisha nyumba yake, mtaa kwa mtaa, pamoja na picha na nyaraka zake. Daftari halilipi mtu chochote leo. Linahifadhi ushahidi ungali mbichi, ili yeyote atakayekaa Kremlin, ikulu ya Urusi, siku ya kutaka vikwazo viondolewe na biashara irudi, akute hesabu imekwisha kuandikwa.