Kupima taa inawaka mara ngapi kwa sekunde kwa mita ya kawaida

Kwa indiketa ya gari usisumbuke na mita ya umeme (multimita). Mita nyingi hazisomi chini ya hetsi (Hz, yaani mara kwa sekunde) chache. Zitaonyesha sifuri au namba za kurukaruka. Chukua stopwochi ya simu, taa ikiwaka mara ya kwanza sema "sifuri", kisha hesabu hadi 30. Ukianzia "moja", umeongeza mwako ambao haupo. Ukifika 30 kwenye sekunde ya 20, hiyo ni 1.5 Hz, yaani mara 90 kwa dakika. Indiketa nzima huwa kati ya 60 na 120.

Kazi yenyewe huanza pale jicho linaposhindwa. Tafuta mita yenye Hz, fototransista (kipande kinachopitisha umeme kikipigwa na mwanga), rezista ya kiloomu 10 na betri tatu za AA. Chaja ya simu iache, kwani chaja duni huchafua umeme na mita inaweza kusoma uchafu huo. LDR (rezista inayobadilika kwa mwanga) nayo haifai hapa: huchelewa kurudi gizani kwa makumi ya milisekunde, ilhali taa ya 100 Hz inarudia kila milisekunde 10.

Kolekta (mguu mmoja wa fototransista) iende kwenye chanya ya betri, emita (mguu wake mwingine) kwenye rezista, na upande wa pili wa rezista kwenye hasi. Pima kati ya emita na hasi. Kabla ya kugusa Hz, anza na volti za DC: ukiziba kwa kidole isome karibu 0, ukimulika isome kama 2. Ikiganda karibu na 4, mwanga umezidi na mapigo yamemezwa. Sogea mbali au weka rezista ya kiloomu 1. Hapo ndipo wengi hukwama, wakidhani mita ni mbovu.

Sasa weka Hz. Jaribu kwanza kwenye taa ya tyubu yenye choku ya zamani (koili inayodhibiti umeme wa tyubu): umeme wa 50 Hz unatoa 100, kwa kuwa taa hung'aa kila nusu ya wimbi. Elekeza katikati, kwenye ncha unaweza kupata 50. Balbu ya waya usiitegemee, waya wake haupoi vya kutosha.

Tyubu hiyohiyo inakupimia jenereta bila kugusa volti 230. Ukisoma 94, jenereta iko 47 Hz. Pima ikiwa na mzigo wake wa kawaida, maana bila mzigo huzunguka kasi zaidi.