Gari la spoti la milango miwili: linapendezea wapi, linaharibikia wapi

Gari la milango miwili likiegeshwa Mwanjelwa hapa Mbeya, watu hugeuka kabla halijawashwa. Kinachowageuza ni umbo: boneti ndefu, paa linaloteremka taratibu hadi kwenye buti, matairi yaliyojaa vizuri chini ya madigadi. Kiwanda kilishaimaliza kazi hiyo. Kazi yako ni kutoiharibu.

Kiharibifu cha kwanza ni grenda, ile mashine ya kukatia chuma inayotumika kufupisha springi ili gari likae chini. Toyota GT86, kwa mfano, ilitoka kiwandani na nafasi ya sentimita 13 tu chini yake. Springi zikikatwa, hazikai tena sawasawa kwenye vikalio vyake, na shokapu inagota kila tuta hadi inaanza kuvuja mafuta. Magurudumu nayo hulala kwa ndani. Pitisha vidole upande wa ndani wa tairi: nje mpira ni mpya, ndani nyuzi zinachoma. Anayetaka kushusha lazima anunue springi fupi za gari hilohilo, zisishushe zaidi ya sentimita 2.5, na afanye alaimenti (kunyoosha mkao wa magurudumu) siku hiyohiyo. Kwa matuta ya Uyole hadi Mbalizi, ushauri wetu ni kuliacha lilivyo.

Kwenye rimu watu wengi hupoteza hela. GT86 ina nati 5 kwenye duara la milimita 100, na tundu la kati ni milimita 56.1. Rimu za Toyota Altezza ni 5 kwa 114.3, yaani nati 5 kwenye duara la milimita 114.3, kwa hiyo haziingii, na spesa (vipande vya chuma vya kuunganishia rimu) za bei chee za kuzilazimisha ni hatari kabisa. Hata rimu ya 5 kwa 100, tundu lake likiwa kubwa, usukani utatetemeka ukikaribia kilomita 90. Utapiga balansi mara tatu bila nafuu, kwa sababu kinachotakiwa ni ringi ya kujazia tundu la kati. Baki na inchi 17, tairi 215/45. Inchi 19 hupendeza kwenye picha, ila ubavu wa tairi unakuwa mwembamba na shimo moja linapinda rimu.

Mlio je? Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, hivyo farasi 200 wanabaki kama 165. Kung'oa mafla hakuwarudishi, kunaamsha majirani tu.

Gari la heshima huku kwetu ni lile linaloshuka mteremko wa Kitonga kwa gia ya pili au ya tatu, breki zikiwa baridi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Yakichemka mteremkoni, pedali inazama hadi chini. Weka mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, badilisha kila miaka 2.

Na kabla ya mvua za Tukuyu, soma tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi (hii si DOT ya mafuta ya breki): 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la umri huo limeshakuwa gumu hata kama kashata (meno ya tairi) bado zipo, na gari linalovuta kwa magurudumu ya nyuma litatupa mkia kwenye kona ya kwanza yenye maji.