Wazo halitaibwa mkuu, angalia usije ukauza mkorosho ukidhani unauza korosho

Mkuu, umesema uko Lindi, una programu ya kurekodi mauzo ya samaki kati ya wavuvi na madalali, na kuna kampuni ya Dar inataka kuiona wiki ijayo. Unaogopa wataiba wazo, ndiyo maana unaulizia hataza (patent).

Hataza achana nayo kwa sasa. Ile ni ya uvumbuzi mpya wa kiufundi, na daftari la samaki kwenye simu, tusidanganyane, si uvumbuzi. Wazo lenyewe halina mwenyewe. Yeyote anaweza kulifanyia kazi kwa msimbo (code) alioandika mwenyewe. Kinacholindwa ni ulichokiandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua programu ya kompyuta kama inavyoyatambua maandishi, na haki unaipata tangu unapoandika, hata kabla hujasajili popote.

Mimi hakuna aliyeniibia. Niligawa mwenyewe.

Tulikuwa wawili, chumba kimoja pale Ligula, Mtwara, mimi na jamaa niliyesoma naye. Tulitengeneza programu ya kupokelea korosho kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, karani anaingiza kilo na daraja, na kabla mkulima hajafika kwake ujumbe umeshaingia kwenye simu. Watu wakaipenda. Halafu ukafika mwezi wa saba, ule ambao huku kila mtu hana kitu, mikorosho bado inapuliziwa salfa na mnada uko mbali. Mteja mmoja (simtaji) akaleta mkataba wa kurasa tisa na nusu ya hela mkononi. Nikasoma ukurasa wa malipo, nikasaini. Ukurasa wa sita ulisema kila kilichotengenezwa kwa ajili ya kazi ile, msimbo ukiwemo, ni mali ya mteja.

Mtu wa Kusini hahitaji wakili kulielewa hili. Ukibanwa na shida unaweza kukodisha mikorosho yako kwa msimu mmoja. Mwenzio anaokota korosho, msimu ukiisha shamba ni lako. Au unauza shamba lenyewe. Mimi niliuza shamba kwa bei ya kukodisha, yaani nilijipiga kangomba, ile biashara ya kumnunulia mkulima korosho kwa bei ya kumpunja, kwa mkono wangu. Msimu uliofuata chama kingine kikaitaka ile programu, nikaanza kuwawekea. Akanipigia mwanasheria wa yule mteja, mpole kabisa, akaniuliza kama ninayo nakala ya mkataba nyumbani. Nilikuwa nayo. Nikaisoma kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo hao wa Dar wape leseni: watumie, kwa muda gani, kwa vituo vingapi, kwa malipo gani, na umiliki ubaki kwako. Wakitaka kumiliki vile vipengele watakavyokuagiza wao, mnaweza kuongea, ila mkataba utaje kwamba programu uliyokuja nayo ilikuwepo kabla yao. Makubaliano ya usiri ni mazuri ukiyapata, lakini kwa kikao cha kwanza wengi hawasaini. Waonyeshe ikifanya kazi kwenye simu yako, msimbo usiuache mezani.

Sasa lile lililoniuma zaidi. Nilipotaka kuandika upya toleo langu, nusu ya kazi ilikuwa ya mwenzangu, na kati yetu hapakuwa na karatasi hata moja. Akaunti ya GitHub, tovuti tulikohifadhi msimbo, ilikuwa yake, anwani ya tovuti ilisajiliwa kwa barua pepe yake. Si mtu mbaya. Alidai chake, na kwa kweli kilikuwa chake. Mkuu, umeandika kwamba binamu yako alichora muonekano na kijana mwingine alikusaidia msimbo kwa elfu hamsini. Hao ndio wa kuwaogopa kabla ya Dar! Waandikishe wiki hii kwamba wanakukabidhi haki za kazi ile, walipe kitu, wasaini. Undugu hausomeki mbele ya mwekezaji. Akaunti ya msimbo iwe ya kampuni, na historia yake usiifute, maana inaonyesha nani aliandika nini na lini. Ukiisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unajiongezea ushahidi.

Jina la programu ni habari nyingine. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakukupi alama ya biashara (trademark), ni maombi mawili tofauti. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma: programu huangukia daraja la 9, na huduma ya programu kupitia mtandao daraja la 42. Usajili wa kwanza ni miaka 7, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10. Alama ya Bara haivuki kwenda Zanzibar, kwa hiyo kama una madalali Unguja huko unaomba upya.

Na orodha ya majina na namba za wavuvi usiihesabu kama mali yako ya kuonyesha wageni. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwenye kikao tumia majina ya kubuni.

Mkataba ukiletwa, tafuta kwanza kifungu cha umiliki, malipo utayasoma baadaye. Ukikwama kibandike hapa, futa majina tu, tukisome pamoja.