Mkuu usichukue huo mkopo

Usibonyeze. Salamu baadaye, pole baadaye, kwanza usibonyeze.

Umeandika kwamba vitu vinapanda kila wiki na mshahara ni uleule, na kuna mkopo wa kwenye simu umeshakubaliwa unasubiri wewe tu, sasa unataka uuchukue ununue mafuta, mchele, sukari na sabuni za miezi sita kwa bei ya jumla "kabla havijapanda tena". Halafu ukauliza na habari ya gesi, na kama uhamie bidhaa za bei ya chini, na namna ya kukaa na mwenzako muongee bajeti bila ugomvi. Mimi nimeishia hapo kwenye mkopo maana hayo maneno ni yangu kabisa, niliyasema 2022, na nimeyalipia.

Ngoja nikukumbushe mwaka huo ulivyokuwa. Mwezi wa pili vita ikaanza Ukraine, nchi iliyokuwa inaongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Mwezi wa tatu kipimo cha bei za chakula cha FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kikafika juu kuliko kilivyowahi kufika. Tarehe 28 mwezi wa nne Indonesia, wazalishaji wakubwa wa mafuta ya mawese, wakafunga kuyauza nje. Kila ukiingia dukani bei mpya, watu wamepaniki, na kwenye hofu kama hiyo ndiyo wanapojitokeza wajuaji. Kwetu alitokea kwenye grupu la WhatsApp, jamaa anajiita mwalimu wa fedha, kila asubuhi anatuma sauti ndefu, na wimbo wake ulikuwa mmoja: pesa inaoza, bidhaa haiozi, kopa leo ununue, kesho utalipa kwa pesa isiyo na thamani. Anaongea kwa uhakika mpaka unajiona mjinga kuwa na hela mfukoni. Na linki ya kukopea anakuwekea hapohapo. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba kila aliyekopa kupitia linki ile yeye alikuwa anapata kamisheni. Yaani mtu anajua una familia, anajua unaogopa watoto kulala njaa, anaigeuza hofu yako kuwa mshahara wake. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti nakasirika, na sitaki kutulia.

Basi nikakopa. Asilimia 15 kwa siku 30. Nikanunua madumu manne ya mafuta ya lita 20, magunia mawili ya mchele, sukari, katoni za sabuni ya unga. Usiku ule nikasimama kwenye mlango wa stoo na tochi ya simu, nikaangalia, moyo ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Hiyo raha naijua mkuu, ndiyo unayoitafuta, siwezi kukulaumu.

Sasa hesabu ambayo mwalimu hakuwahi kutufundisha, naomba uifuate taratibu. Tuseme umekopa 100 ukanunua vya miezi sita. Tuseme kweli bei inapanda mpaka mwezi wa sita iko juu kwa asilimia 20. Wewe unadhani umeokoa 20. Hapana! Vya mwezi wa kwanza ungevinunua kwa bei ya leo hata bila mkopo, hapo hujaokoa kitu. Mwezi wa pili umeokoa asilimia 4, wa tatu 8, wa nne 12, wa tano 16, na ni mwezi wa sita peke yake unaookoa 20. Changanya zote ugawe kwa sita, umeokoa 10 kwenye ile 100. Njoo upande wa deni. Ukilipa vizuri, kidogokidogo kwa miezi sita, riba ya asilimia 15 kwa mwezi kwenye deni linalobaki inafika 52 na nusu. Umelipa 52 ili uokoe 10. Ukishindwa kulipa ukawa unasogeza tu na riba inaingia juu ya riba, ile 100 mwezi wa sita imekuwa 231. Na hata ukipata mkopo wa huruma wa asilimia 3 kwa mwezi bado riba yake ni 10 na nusu, yaani bei ipande asilimia 20 nzima na bado hujapata hata senti ya faida. Piga mwenyewe kwenye kalkuleta ya simu, usiniamini mimi.

Na hiyo ni kama vitu vyenyewe vitafika huo mwezi wa sita. Vyangu havikufika.

Kwanza vililiwa haraka. Hili hakuna aliyeniambia na ndilo lililoniuma kuliko yote. Dumu likiwa kubwa mkono unamimina, hakuna anayepima kwa kijiko wakati kuna lita 20 chini ya meza. Jirani akiomba kidogo unampa maana kila mtu ameona ulivyoshusha mzigo. Mafuta niliyopanga miezi sita, dumu la kwanza halikumaliza mwezi. Sabuni ya unga ikapata unyevu, katoni za chini zikaganda, nikawa naivunja kwa mchi. Mchele ndio usiseme. Wiki ya saba hivi mke wangu ameingiza bakuli kwenye gunia, akaniita kwa sauti ya chini, "hebu njoo uone". Ameufungua mkono wake, mchele na fukusi weusi wanatembea juu ya vidole. Hao wadudu mara nyingi wanakuja na nafaka yenyewe, mayai yapo ndani ya punje huwezi kuyaona, jike mmoja anaweza kutaga mia na zaidi, na stoo ikiwa na joto kizazi kipya kinatoka baada ya mwezi au zaidi kidogo. Gunia la pili nalo hivyohivyo. Tukaanika, tukapepeta, tukala tulichoweza kula, tukanyamaza.

Bidhaa haiozi alisema.

Halafu bei. Indonesia walifungua tena tarehe 23 mwezi wa tano, hata mwezi haukuisha! Kufika katikati ya mwaka mafuta ya kula kwenye soko la dunia yalikuwa yameshaanza kushuka, na mwezi wa saba yakaporomoka kweli. Dukani ilichelewa kama kawaida yao, kupandisha wanapandisha usiku mmoja lakini kushusha mpaka waombwe, ila ilishuka. Mimi bado nina madumu mawili ya bei ya hofu na deni lake linatembea. Ikabidi niyauze nipunguze deni, na aliyeyanunua akaniuliza kwa nini nauza wakati dukani yapo kwa bei nafuu. Sikuwa na jibu la kumpa.

Deni nalo nililipa kwa kukopa kwingine, maana zile hela nilizotegemea "kuokoa" sababu sinunui chakula hazikuonekana popote. Nauli ilipanda, umeme ukapanda, ada ikafika. Yaani ukitoa chakula kwenye bajeti, vitu vingine vinajaa pale pale mahali pake, hakibaki kitu cha kupeleka kwenye deni. Siku tatu baada ya kuchelewa wale watu wa mkopo wakaanza kupiga simu kwa watu waliomo kwenye simu yangu. Wakampigia mama mkwe. Mama wa watu hajui chochote, anaulizwa na kijana asiyemjua kama anamfahamu tapeli fulani, jina ni langu. Alinipigia akauliza tu "mna chakula huko?" Hiyo simu naisikia mpaka leo.

Kwa hiyo mimi kanuni yangu ni moja na siibadilishi kwa mtu: kitu kitakachoisha kabla ya deni lake, usikikopee. Mafuta yataisha, sabuni itaisha, deni litakuwepo. Sizungumzii mtu ambaye leo hana kabisa cha kupika, huyo akaombe kwa ndugu, akaongee na mwenye duka anayemjua akope bila riba alipe mwisho wa mwezi, njaa haina mjadala. Wewe hujafika huko, umesema mwenyewe mnakula. Wewe unakopa kwa ajili ya hofu.

Kama unataka akiba ya ndani jenga kwa hela taslimu na kimoja kimoja. Ukienda kununua sabuni mbili chukua tatu, ile ya tatu iingie kabatini. Mwezi ujao chumvi. Kitu kigumu kuharibika kitangulie, nafaka usizidishe ya mwezi mmoja kama huna chombo kinachofunga hewa isipite kabisa. Na chombo cha akiba kifichwe watu wasikione, nasema kwa nia njema, hata watoto. Chota mafuta kwenye chupa ndogo ya jikoni, ikiisha ndiyo ujaze. Sisi kwa hiyo chupa peke yake tulipunguza mafuta karibu nusu na hakuna aliyelalamika.

Na ile ya jumla angalia uzito, usiangalie ukubwa wa pakiti. Gawa bei kwa gramu. Kuna vitu siku hizi wamepunguza ndani wakaacha pakiti vilevile, na kuna "ofa" ukigawa unakuta ndogo ni rahisi kuliko kubwa. Nilikuwa sigawi, sasa nagawa kila kitu mpaka mke wangu ananiacha dukani anatangulia nje.

Gesi nitakujibu siku nyingine, au wengine humu watakusaidia, funika sufuria tu kwa sasa.

Huo mkopo umesema umeshakubaliwa, hilo lisikutishe, kukubaliwa sio kuchukua, bado hudaiwi. Fungua sehemu ya masharti uangalie riba ni ngapi kwa mwezi na kuna ada gani wanakata mwanzoni kabla hawajakupa hela, maana wengine unaomba 100 unapokea 85 na unadaiwa 100. Niwekee hizo namba hapa leo, usiku nitakuwa hewani tupige hesabu pamoja kabla hujafanya chochote.