Ficha tyubu ya rangi nyeusi: nilichojifunza kwa kumnakili Juan de Pareja

Juzi kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, nyuso ninazochora kwa rangi za mafuta zinatoka kama zimepakwa majivu. Nifanyeje?" Ujumbe ule nimeusoma mara tatu. Miaka minne nyuma ningeuandika mimi.

Wakati huo nilipewa kazi ya kumchora marehemu mmoja hapa Ujiji. Familia ilipokuja kuchukua picha, binti yake, mama wa makamo, aliitazama kimya, akaifunika kwa kanga. "Mwanangu, huyu si baba." Walinilipa nusu. Ile nusu nyingine nimeshaisahau, kanga sijaisahau.

Nikasimamisha kazi za wateja, nikaamua kunakili picha moja mpaka mwisho. Nilimchagua Juan de Pareja, aliyechorwa na Diego Velázquez, mchoraji wa Uhispania, mjini Roma mwaka 1650. Pareja alikuwa na asili ya Afrika, mtumwa aliyefanya kazi kwenye studio ya Velázquez. Mwaka huohuo bwana wake alitia saini hati ya kumwachia huru, na baadaye Pareja akawa mchoraji kwa jina lake. Sisi tuliozaliwa Ujiji, ilikoanzia safari ya watumwa wengi kwenda pwani, mtu yule akikutazama huwezi kumpita hivihivi. Picha iko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, nao wanaruhusu kupakua nakala kubwa bure. Nikaichapisha stesheneri, nikaibandika ukutani.

Mwanzo niliharibu. Mafuta ya kitani yaliniishia, nami nikajiambia mafuta ni mafuta, nikazimua rangi kwa mawese. Wiki tatu baadaye shavu la Pareja bado linanata, vumbi la barabarani limelivaa kama ndevu. Mafuta ya kitani hushika hewa yakageuka utando mgumu. Mawese hayafanyi hivyo, hata usubiri masika mpaka masika. Nikakwangua yote kwa kisu.

Mara ya pili nilitumia rangi ya kahawia peke yake, nimeizimua kwa tapentaini, nikatafuta giza na mwanga tu, macho nimeyafumba nusu. Ilipokauka ndipo nikatia rangi, kila tabaka la juu likiwa na mafuta zaidi ya la chini ili lisipasuke.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu la miaka yote. Ngozi yetu nilikuwa naipata kwa nyeusi, na penye mwanga naongeza nyeupe. Nyeusi na nyeupe huzaa majivu! Tazama uso wa Pareja: mashavuni kuna wekundu wa udongo, kwenye paji la uso mwanga umepoa unakaribia kijivu, na kivuli chenyewe kina joto. Nikachanganya kahawia, nyekundu ya udongo, njano na buluu kidogo, uso ukapata damu.

Mwezi uliopita nilimchora yule mzee upya, bila kuombwa. Binti yake aliipokea kwa mikono miwili, akaita wajukuu waje kumwona babu yao. Najivunia, na sioni haya kusema.

Kuna wasanii wenzangu walioniita fotokopi, na bado inaniuma. Wajue kwamba mchoraji Rubens alifika Madrid mwaka 1628 akiwa bingwa, amevuka miaka hamsini, akakaa kunakili kazi za Titian, mchoraji wa Italia aliyemtangulia. Mwizi ni yule anayenakili kisha akauza kama yake. Wewe nakili, andika nyuma umenakili nani, na usiruke picha ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Tunapenda mno kupiga picha kazi za nusu tukazirusha mtandaoni.

Mdogo wangu wa Kasulu, ile tyubu nyeusi mpe mtu akufichie. Anza na kahawia, na ikishakauka nitumie niione kabla hujatia rangi nyingine.